Pijo ya Babu Inatoa Moshi? Soma Hii Kabla Fundi Hajafungua Injini

Kila mtaa wa Voi una hiyo ndai. Peugeot 504, rangi imeliwa na jua, tairi moja limelala, kuku wamehamia kiti cha nyuma. Iko chini ya mwembe, pengine Sofia, pengine kule Mwatate nyuma ya nyumba ya babu. Ukiuliza ilikufa na nini, jibu ni lile lile: "Hiyo gari ilikuwa nzima. Fundi aliifungua injini kidogo tu." Kidogo hiyo imegonga miaka kumi na tano. Hedi iko kwa kabati, bolti ziko kwa mkebe wa Kimbo, fundi alishahamia Mtwapa, na pistoni moja watoto walichukua wakachezea.

Sasa tuseme babu amekuachia ufunguo wa yake. Bado inawaka, lakini inatoa moshi, inamaliza oili, na ukipanda Wundanyi geji ya joto inapanda na wewe. Umeamua injini ifanywe upya, na ni mara yako ya kwanza. Poa sana. Lakini sikiza, msee. Pijo chache sana huuliwa na moshi. Nyingi huuliwa na ile siku injini inafunguliwa kabla mwenyewe hajajua inaumwa na nini, itachongwa wapi na doo itatoka wapi. Kwa hivyo hapa tunaongea zaidi kuhusu kazi ya kabla spana haijagusa bolti.

Na usidhani utaiharibu hii ukatafute ingine Japan. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka 8, kwa hivyo 504 zenye ziko ndio hizo hizo. Gari yenyewe ilizinduliwa Ufaransa 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, lakini jina ilijijengea huku kwetu. Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo 1975, halafu 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 Coupe ya V6. Kabla ya hapo 404 ilikuwa imebeba Safari mara nne, kati ya 1963 na 1968. Zile ndefu za viti vingi ndizo zilibeba wazazi wetu safari za mbali kabla Nissan hazijachukua barabara. Wafaransa waliacha kuunda saluni 1983; Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi 2004. Ndio maana ukiwa Voi bado unaweza kupata mzee wa karakana anayeijua hii injini na macho yamefungwa. Huyo mzee ni dhahabu. Msalimie vizuri.

Unashika injini gani?

Usicheke. Kuna wasee wamenunua gasketi na pistoni, wakafungua, wakapata saizi haiingii. 504 haikuja na injini moja. Saluni za kwanza zilikuwa na petroli ya 1796 cc, silinda yenye upana wa milimita 84. Baadaye ikaja ile wengi wanaijua, XN1 ya 1971 cc, upana milimita 88. Pikapu zingine zilikuja na petroli ndogo zaidi, na kuna za dizeli. Halafu ongeza miaka arobaini ya mafundi kubadilishana vitu: pikapu inaweza kuwa na moyo wa saluni, na hakuna mtu kwa familia anakumbuka.

Kwa hivyo tafuta namba iliyogongwa kwa bloku, isafishe na brashi ya waya, ipige picha, kisha uilinganishe na ile iko kwa logibuku. Zikiwa tofauti, hiyo ni kesi ya kumaliza na NTSA kabla hujatumia hata soo, kwa sababu hutaki kurekebisha injini ambayo kwa karatasi si yako. Ukifanya upya injini ile ile na bloku ile ile, namba inabaki. Ukibadilisha bloku au ukiweka injini nyingine, lazima logibuku ibadilishwe na gari ikaguliwe.

Na ndio, kuna msee atakuambia, "Achana na hiyo, weka ya Toyota." Kwa pikapu ya kubeba mchanga, sina ubishi na yeye. Kwa 504 ya babu naona ni makosa. Utachomelea mabano mapya ya kushikilia injini, utahangaika na giaboksi na propela, na mwishowe utakuwa na gari ambayo fundi wa Pijo haitaki na fundi wa Toyota haielewi.

Ipime ikiwa bado inawaka

Hapa ndipo wengi huruka. Injini ikishafunguliwa haiwezi kukuambia tena ilikuwa inaumwa wapi. Ikiwa bado inawaka, inaongea.

Anza na moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Ukiuona zaidi unapokanyaga na kupanda mlima, shuku ringi na silinda. Ukitoka pfff moja baada ya kuteremka na mguu ukiwa nje ya mafuta, tuseme kutoka Wundanyi kushuka Mwatate, shuku sili na gaidi za valvu, na hiyo ni kazi ya hedi tu, si injini nzima. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni maji yanaingia mahali hayafai. Mweusi ni petroli nyingi, na hapo fungua kabureta kwanza kabla hujafungua pochi.

Halafu pima kompresheni. Geji yake si ghali, na fundi mzuri anayo. Injini iwe moto, plagi zote nne nje, waya wa koili umetolewa, mtu akanyage mafuta mpaka chini, piga stata hadi sindano isimame. Andika namba ya kila silinda. Usijali sana ukubwa wa namba, cheki tofauti. Zikiwa zinakaribiana ndani ya asilimia 10 hivi, chini hakujaoza kama unavyoogopa. Ikiwa moja imeanguka, mwaga kijiko cha oili ndani ya tundu la plagi upime tena. Namba ikipanda, ringi au silinda zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi ndio mshukiwa wa kwanza.

Mwisho, presha ya oili. Taa ya dashibodi haikuambii kitu, huwaka wakati mambo yameshaharibika. Funga geji ya muda pale swichi ya oili inakaa, endesha mpaka injini ipate moto kabisa, kisha usome. Kanuni ya wazee wa karakana ni psi 10 kwa kila mizunguko elfu moja. Ikiwa iko mbali chini ya hapo na injini moto, beringi za kranki zimechoka, na sasa ndio tunaongea kazi kubwa.

Baada ya hizi vipimo tatu, watu wengi hugundua hawahitaji injini nzima. Wanahitaji hedi, ama rejeta tu. Hilo la rejeta nitalirudia.

Slivu, mahali Pijo nyingi huzikwa

Kama utashika kitu kimoja kwa hii stori, shika hiki. Injini ya petroli ya 504 haina silinda zilizochongwa ndani ya bloku kama Datsun au Land Rover ya zamani. Ina slivu za maji: mapipa manne ya chuma yanayosimama ndani ya bloku, maji yakizunguka moja kwa moja nje yake. Chini kuna sili zinazozuia maji yasiingie kwa sampu. Juu, hedi ndiyo inakandamiza slivu zisimame imara.

Sasa fikiria. Fundi asiyeijua Pijo anatoa hedi "kubadilisha gasketi tu". Halafu anazungusha kranki kidogo aone pistoni. Pistoni inapopanda inainua slivu, sili ya chini inaachia, na hakuna mtu anaona chochote. Gasketi mpya inawekwa, gari inawaka, kila mtu anashangilia. Baada ya wiki oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yako ndani ya sampu, beringi zimeliwa. Kazi ya siku moja imekuwa ya mwaka, na hiyo ndio ile "kidogo tu" ya chini ya mwembe.

Kwa hivyo swali la kumuuliza fundi ni hili: "Mzee, ukitoa hedi, slivu utazishika na nini?" Anayejua atakuambia anafunga vibano, yaani bolti na washa kubwa au vipande vya chuma vinavyokandamiza slivu, na kwamba kranki haizungushwi hata nusu kabla ya hapo. Anayecheka swali, mshukuru na umalize soda yako uende.

Uzuri wa slivu ni kwamba huhitaji kuchonga silinda. Unanunua seti: slivu nne na pistoni zake nne zilizolinganishwa, na unarudi saizi ya kiwandani. Ubaya ni kimo. Kila slivu lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, zote karibu sawa, ndio gasketi ikabwe vizuri. Kipimo kiko kwa kitabu cha fundi cha injini yako, na kinasomwa na geji ya saa, si na kidole. Fundi wako asipokuwa na hiyo geji, azime. Hapa hakuna "naona iko sawa".

Kama ndai yako ni Datsun, Land Rover ama Corolla ya zamani, hesabu ni tofauti. Bloku inaenda kuchongwa, pistoni zinanunuliwa saizi ya juu, kwa kawaida kuanzia milimita 0.25 au 0.50. Na kwa injini zenye hedi ya chuma cha kusubu, uliza kuhusu viti vya valvu. Nchi zetu ziliachana na petroli yenye risasi mwanzo wa 2006, na ile risasi ndiyo ilikuwa inalinda viti laini vya zamani. Hedi ikiwa nje tayari, kuweka viti vigumu ni kazi ndogo.

Doo, Mombasa, na karatasi moja

Voi utapata fundi wa kufungua na kufunga. Kuchonga kranki na kusawazisha hedi ni kazi ya mashine, na mara nyingi utapeleka vyuma Mombasa, kilomita 150 na kitu, au Nairobi, ambako Kirinyaga Road bado ndio soko la vipuri la kila mtu. Panga safari hiyo kabla ya kufungua. Piga simu, uliza kama wanachonga kranki ya Pijo, siku ngapi, pesa ngapi, na kama beringi za saizi ya chini zinapatikana. Kranki ikishachongwa halafu beringi ikosekane, hiyo ni nanga.

Mpangilio nao ni muhimu kuliko bei: pima, chonga, ndio ununue. Maze, usinunue beringi kwa sababu umeona ofa. Kranki inaweza kuhitaji saizi ya kawaida ama ya chini, na hutajua mpaka aisome mtu mwenye maikromita. Vitu unavyoweza kununua mapema ni seti ya gasketi, cheni ya taimingi, pampu ya maji, mipira yote ya maji na thamostati. Hizo utazitumia tu.

Pampu ya oili usiipuuze. Watu hutumia doo yote kwa pistoni zinazong'aa, kisha wanarudisha pampu ile ile iliyochoka, na beringi mpya zinakufa njaa.

Bajeti sitakupa namba, kwa sababu bei ya leo si ya mwezi ujao. Lakini chukua bei za kuchonga, vipuri, oili, usafiri na kazi ya fundi, jumlisha, kisha ongeza theluthi juu. Hiyo theluthi ni ya nyufa utakazopata kwa hedi na bolti itakayokatikia ndani. Kama huna theluthi, usifungue. Endesha polepole, ongeza oili, endelea kuweka akiba. Gari inayotoa moshi na kutembea iko mbali na kifo kuliko injini safi iliyo kwa katoni tatu.

Na fundi, hata kama ni mjomba wako, andikeni karatasi. Kazi gani, pesa ngapi, analipwa lini, nani ananunua vipuri, na kwamba vipuri vya zamani vyote vinarudi kwako. Si kumshuku mtu. Ni kwamba miezi minne baadaye hakuna mtu atakumbuka mlisema nini mkinywa chai. Mlipe kwa hatua: injini ikishuka, vyuma vikirudi kutoka kuchongwa, ikiwaka, na kipande cha mwisho baada ya kilomita elfu. Fundi mzuri hukubali hiyo ya mwisho bila kununa.

Vumbi la Tsavo na maji ya chumvi

Sasa mambo ya nyumbani. Ile vumbi nyekundu inayopaka ndovu wa Tsavo ndiyo inayopaka injini yako. Ni mchanga mwembamba, na mchanga ndani ya oili ni msasa. Injini isifungwe nje chini ya mti, hata kama fundi amefanya hivyo tangu ujana wake. Tafuta chumba chenye mlango, mwaga maji sakafuni kabla ya kazi, funika kila kitu na shuka safi, na kila tundu la oili kwa kranki na bloku lisafishwe kwa brashi na petroli kisha lipulizwe na upepo wa kompresa. Piga picha kila hatua, weka kila bolti kwa mfuko wake na uandike jina. Simu yako ina kazi ingine kando na TikTok.

Cheki pia njia ya hewa. Ukifunga injini mpya halafu mpira wa kichujio cha hewa una ufa, barabara ya murram italiza ringi mpya kabla ya krismasi.

Maji, sasa. Ya visima vya tambarare huku mengi yana chumvi, na miaka thelathini ya kujaza rejeta kwa jeri ya kisima imejenga ganda ndani ya bloku na mirija. Hiyo ndio sababu Pijo nyingi zinachemka kwa kona za Wundanyi, na kuchemka ndiko kunapinda hedi ya alumini. Ukifanya injini upya na kurudisha rejeta iliyoziba, umenunua ile ile shida kwa bei mpya. Slivu zikiwa nje, kwangua ule uchafu wote chini ya bloku, utashangaa ni ndoo nusu. Rejeta ipelekwe ikafunguliwe juu na kusafishwa mirija au ibadilishwe kiini. Kisha tumia kulenti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi, na usirudi kisimani.

Siku ya kuwasha

Mbogi itakuja, kila mtu na simu juu. Waambie watulie. Kabla ya kuwasha, toa plagi na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oili ipande. Kamshafti na tapeti ziwe zilishapakwa mafuta mazito ya kufungia wakati injini inafungwa. Rudisha plagi, hakikisha moto unafuata mpangilio wa 1-3-4-2, uwashe.

Kama kamshafti na tapeti ni mpya, usiiache inguruma polepole. Iweke kama mizunguko 2000, ukipandisha na kushusha kidogo, kwa dakika 20, macho kwa geji ya oili na ya joto. Ukiona oili imeanguka au maji yanachemka, zima, hata kama video haijaisha.

Halafu barabara. Voi kuelekea Bura na Maktau sasa ni lami na haina malori mengi kama Mombasa Road, ndio nzuri ya kuizoesha. Nenda asubuhi kabla ya jua. Kanyaga kiasi, ruhusu gari ivute, achia, vuta tena. Ringi hukaa kwa ukuta wa slivu zikisukumwa, si kwa kubembelezwa. Usishike spidi moja saa nzima, na usikamue kabisa. Kilomita 500 za kwanza zikiisha, mwaga oili na kichujio, hata kama inaonekana safi. Ikimulikwa na tochi utaona vumbi la chuma linang'aa, na hilo ni kawaida mara ya kwanza tu.

Injini ikiwa baridi, bolti za hedi zikazwe upya na spana ya torki, kwa mpangilio na kipimo cha kitabu, mara moja baada ya kupata moto na kupoa kabisa, mara ya pili karibu kilomita 1000. Valvu nazo zipimwe nafasi siku hiyo hiyo. Ukimaliza hiyo ya pili, mlipe fundi kile kipande chake cha mwisho, mwambie babu avae koti, mpande Wundanyi. Bebeni lita tano za maji safi kwa buti.